Naitriki oksaidi: gesi ya mwilini inayozuia damu isigande ndani ya mshipa

Ukijikata na jembe mguuni, unaomba damu igande haraka. Lakini damu hiyohiyo ikiganda ndani ya mshipa wa ubongo au wa moyo, unaweza kupoteza maisha. Mtu ni yuleyule na damu ni ileile. Ni nini basi kinachoifanya damu igande pale na isigande hapa?

Ndugu msikilizaji, swali hili linatufikia kwa njia nyingi. Wapo wanaouliza kama "damu nzito" ni ugonjwa. Wapo wanaouliza inakuwaje mtoto mwenye malaria anapoteza fahamu, wakati vimelea viko kwenye damu na havijaingia ndani ya ubongo. Maswali hayo mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu lake linapatikana mahali pamoja: kwenye ukuta wa ndani wa mshipa wa damu, na kwenye gesi ndogo sana inayotengenezwa hapo, iitwayo naitriki oksaidi.

Makala hii inaeleza gesi hiyo inavyofanya kazi, protini inazozizuia, na jinsi malaria kali, selimundu na sigara zinavyoipunguza.

Mshipa si bomba tu

Wengi tunaufikiria mshipa wa damu kama bomba la maji: kitu kisicho na uhai, kinachopitisha tu. Ukweli ni kwamba ndani ya kila mshipa, mkubwa kwa mdogo, kuna utando wa seli hai. Utando huu una unene wa seli moja tu, na seli zake zimepangwa kama vigae vya sakafu. Ndizo zinazogusana na damu saa zote.

Seli hizi zina kazi. Zinaufanya mshipa utanuke au ubane. Zinachagua kipi kitoke kwenye damu kiingie kwenye nyama za mwili. Tena ndizo zinazoamua, dakika kwa dakika, kama damu inayopita hapo iendelee kutiririka au ianze kuganda.

Ndani ya damu kuna vitu viwili vinavyosubiri kuitwa kazini. Cha kwanza ni chembe sahani, vipande vidogo vinavyokimbilia penye jeraha na kushikamana kama kizibo. Cha pili ni protini za kugandisha damu, ambazo zikiamshwa hutengeneza nyuzi zinazosukana kama wavu na kukikaza kile kizibo. Mtu akiwa mzima, vyote hivi vinapita pembeni mwa ukuta wa mshipa bila kunasa. Havinasi kwa sababu ukuta wenyewe unavizuia.

Ghala la protini inayonata

Sasa tuingie ndani ya seli moja ya ukuta huo. Mwaka 1964 wanasayansi Ewald Weibel na George Palade, wakitumia hadubini yenye nguvu kubwa, walieleza kuwa ndani ya seli hizi kuna vijifuko vyembamba virefu. Baadaye ikafahamika kwamba vijifuko hivyo ni ghala. Kitu kikubwa kinachohifadhiwa humo ni protini iitwayo von Willebrand.

Jina hilo ni la daktari wa Finland, Erik von Willebrand. Mwaka 1926 alichapisha maelezo ya familia moja ya visiwa vya Åland iliyosumbuliwa na ugonjwa wa kutokwa damu. Watu wenye ugonjwa huo, ambao leo unaitwa kwa jina lake, wana upungufu wa protini hiyo au wanayo ikiwa na kasoro. Jeraha dogo, kung'olewa jino au hedhi vinaweza kuwaletea damu isiyokatika. Hapo tunaona kwamba protini hii si adui. Bila hiyo, mwili hauwezi kuziba jeraha vizuri.

Protini ya von Willebrand ni ndefu na imekunjwa ndani ya kijifuko chake kama kamba iliyoviringwa. Mshipa ukikatika au ukishtuliwa, vijifuko husogea hadi ukingoni mwa seli, hufunguka, na kamba hizo huachiwa ndani ya mshipa. Mkondo wa damu huzinyoosha, na chembe sahani zinazopita kwa kasi hunasa juu yake kama samaki kwenye nyavu. Ndani ya vijifuko hivyohivyo kuna protini nyingine iitwayo P-selektini. Hiyo hupanda juu ya uso wa seli na kuzishika chembe nyeupe za damu.

Penye jeraha, huo ni msaada mkubwa. Lakini ghala likifunguka mahali pasipo na jeraha, au likifunguka mwili mzima kwa wakati mmoja, mishipa midogo huanza kuziba. Kwa hiyo ghala linahitaji mlinzi.

Mlinzi mwenyewe ni nani?

Mlinzi huyo ni naitriki oksaidi. Ni gesi iliyoundwa kwa atomi moja ya nitrojeni na atomi moja ya oksijeni, basi. Hatuivuti kutoka hewani. Seli za ukuta wa mshipa huitengeneza zenyewe kutokana na oksijeni na ajinini, ambayo ni sehemu ya protini tunayopata kwenye vyakula kama karanga, maharage, samaki na nyama.

Kinachozisukuma seli zitengeneze gesi hii ni pamoja na mwendo wa damu. Damu inapotiririka vizuri, inasugua ukuta wa mshipa, na msuguo huo huziamsha seli kutoa naitriki oksaidi. Ni moja ya sababu zinazofanya kutembea, kulima na kuendesha baiskeli kuwa na faida kwa mishipa.

Gesi hii haidumu. Uhai wake ni sekunde chache tu, kisha inageuka kuwa kitu kingine. Kwa hiyo mwili hauwezi kuiweka akiba kama unavyoweka mafuta. Lazima itengenezwe muda wote, na utengenezaji ukipungua, pengo linaonekana mapema.

Tusiichanganye na gesi nyingine zenye majina yanayofanana. Iko gesi ya usingizi inayotumika hospitalini, ambayo ni tofauti. Naitriki oksaidi yenyewe hupatikana pia kwenye moshi wa magari, na ukiivuta kwa wingi ni sumu. Ndani ya mshipa kazi yake inafanyika kwa kiasi kidogo sana.

Inavyozifunga protini za kugandisha

Kazi ya kwanza ni kulifunga ghala. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walionyesha jinsi inavyofanyika. Ili kijifuko kifunguke, kinahitaji msaada wa protini nyingine ndani ya seli, inayojulikana kwa herufi NSF. Hiyo ndiyo inayosaidia ukuta wa kijifuko kuungana na ukuta wa seli ili mzigo utoke nje. Naitriki oksaidi hujibandika kwenye NSF na kuizuia kufanya kazi. Ni kama kuweka komeo mlangoni: mzigo umo ndani, umejaa, lakini hautoki. Gesi ikipungua, komeo linalegea, na kamba za von Willebrand zinamwagika kwenye damu.

Kazi ya pili ni kwa chembe sahani zenyewe. Gesi inayotoka kwenye ukuta wa mshipa huingia ndani ya chembe sahani na kuzituliza, zisishikamane ovyo. Watafiti waliokuwa Uingereza walilionyesha jambo hili mwaka 1987.

Kazi ya tatu inahusu protini ambazo haziko ghalani bali hutengenezwa seli inapopata taabu, kwa mfano sumu ya bakteria inapoingia kwenye damu. Moja ni ile inayowasha mlolongo mzima wa kuganda kwa damu. Kwa kawaida seli za utando wa ndani haziionyeshi protini hiyo kabisa. Katika majaribio ya maabara, seli zilizosumbuliwa na sumu ya bakteria ziliitoa kwa kiasi kidogo zaidi zilipopewa naitriki oksaidi. Nyingine inaitwa PAI-1. Kazi ya PAI-1 ni kuuzuia mwili usiyeyushe damu iliyokwisha kuganda. Majaribio yaliyofanyiwa seli za ukuta wa mshipa yameonyesha kuwa naitriki oksaidi huipunguza nayo.

Ukijumlisha, unaona gesi hii inafanya kazi upande mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: inazuia kamba zisitoke, inatuliza chembe sahani, inapunguza protini ya kuwasha mgando, na inaacha njia wazi kwa mwili kuyeyusha mgando uliokwisha kutokea.

Iligunduliwaje?

Mwaka 1980 mwanasayansi Robert Furchgott wa New York alikuwa akichunguza vipande vya mshipa mkubwa wa sungura. Aliona kwamba dawa fulani iliufanya mshipa ulegee pale tu utando wake wa ndani ulipokuwa mzima. Utando ukikwanguliwa, dawa ileile haikuulegeza tena. Akahitimisha kwamba utando unatoa kitu fulani cha kulegeza mshipa. Ilichukua miaka kadhaa kutambua kwamba kitu hicho ni gesi. Mwaka 1998 Furchgott alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad.

Kuna jambo la kushangaza hapa. Alfred Nobel, mwenye jina la tuzo hiyo, alitajirika kwa kutengeneza baruti kutokana na nitrogliserini. Uzeeni, alipopata ugonjwa wa moyo, madaktari walimwandikia nitrogliserini hiyohiyo kama dawa. Wakati huo hawakujua inavyofanya kazi. Leo tunajua: ikiingia mwilini, hutoa naitriki oksaidi.

Malaria kali: ghala linapofunguka

Sasa turudi kwa mtoto mwenye malaria. Vimelea vya malaria huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaana humo, kisha huzipasua. Chembe nyekundu ndizo zinazobeba himoglobini, ile rangi nyekundu inayosafirisha oksijeni. Ndani ya chembe, himoglobini imefungiwa na haileti shida kubwa kwa naitriki oksaidi. Chembe zikipasuka kwa wingi, himoglobini humwagika kwenye maji ya damu, na huko huimeza naitriki oksaidi kwa kasi kubwa.

Uchunguzi wa jambo hili umefanyika hapa kwetu Tanzania. Utafiti wa watoto wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kwamba kadiri malaria ya mtoto ilivyokuwa kali, ndivyo mwili wake ulivyokuwa ukitengeneza naitriki oksaidi kidogo. Mwaka 2003 utafiti mwingine wa watoto wa Tanzania ulionyesha kwamba wenye malaria ya ubongo walikuwa na kiwango cha chini cha ajinini katika damu, yaani ile malighafi ya kutengenezea gesi. Kwa hiyo mtoto anapata hasara mara mbili: gesi inatengenezwa kidogo, na hiyo kidogo inamezwa.

Komeo likishalegea, protini ya von Willebrand hupanda sana kwenye damu ya mgonjwa. Kwa kawaida mwili una protini nyingine, mithili ya mkasi, inayozikata kamba ndefu za von Willebrand zisilete madhara. Katika malaria kali mkasi huo nao hupungua makali. Majaribio ya maabara yameonyesha kwamba kamba hizo, zikiwa zimebeba chembe sahani, zinaweza kuzishika chembe nyekundu zenye vimelea na kuzinatisha ukutani.

Mishipa midogo kabisa ya ubongo ni myembamba kiasi kwamba chembe nyekundu hupita moja moja, tena kwa kujipinda. Chembe zikinata humo, njia inaziba. Sehemu ya ubongo iliyo mbele inakosa oksijeni na sukari. Ndiyo maana mtoto anapata degedege na kupoteza fahamu, ingawa vimelea vyenyewe havijatoka nje ya mishipa. Si mapepo, wala hajarogwa. Mishipa imeziba, na kila saa inayopita inaongeza hatari.

Selimundu nayo

Ugonjwa wa selimundu unafuata njia inayofanana. Chembe nyekundu za mgonjwa hupinda kama mundu na hupasuka kabla ya wakati. Himoglobini inamwagika, naitriki oksaidi inamezwa, mishipa inabana, na chembe zinanata ukutani. Hiyo ni sehemu ya sababu ya maumivu makali ya mifupa na kifua, na hatari ya kiharusi hata kwa mtoto mdogo. Dawa ya haidroksiyurea inasaidia wagonjwa wengi kwa kupunguza chembe zinazopinda na kupasuka. Inatolewa kwa ushauri wa daktari na kwa kufuatiliwa kwa vipimo vya damu, si ya kununua na kumeza kienyeji.

Kwa watu wazima, vitu vinavyopunguza naitriki oksaidi kwenye mishipa ni pamoja na uvutaji wa sigara, kisukari kisichodhibitiwa, shinikizo la juu la damu na lehemu nyingi. Mtu anayesema ana "damu nzito" mara nyingi hana damu iliyobadilika uzito wake. Kinachoweza kuwa kimeharibika ni ukuta wa mshipa, ambao umeacha kuilinda damu isigande. Hilo halionekani kwa macho wala kwa kushika mkono. Linatafutwa kwa kupima shinikizo na sukari, vipimo ambavyo vituo vingi vya afya vinavyo.

Je, tuitafute gesi hii kama dawa?

Hospitali kubwa huwapa naitriki oksaidi ya kuvuta baadhi ya watoto wachanga ambao mishipa ya mapafu yao imebana. Kwa malaria kali, watafiti waliijaribu pia. Katika hospitali ya rufaa ya Jinja, Uganda, watoto wenye malaria kali walipewa gesi hiyo pamoja na sindano ya atesuneti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 hayakuonyesha kwamba waliopewa gesi walipona vizuri kuliko wenzao waliopewa atesuneti bila gesi hiyo. Kinachookoa maisha hadi sasa ni kuua vimelea mapema, kabla chembe nyingi hazijapasuka.

Wapo wanaouza unga na vidonge vya "kuyeyusha damu" au "kuongeza nguvu za mishipa" kwenye minada na stendi. Usiwape pesa yako. Zaidi ya hapo, kuna mchanganyiko unaoweza kuua: mtu anayetumia vidonge vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi kwa ajili ya moyo asitumie dawa za nguvu za kiume kama Viagra. Zote mbili hupitia njia ya naitriki oksaidi, na kwa pamoja zinaweza kushusha shinikizo la damu ghafla. Hata gesi yenyewe ikizidi mwilini ni hatari, kwa sababu mishipa hulegea kupita kiasi.

Chakula kina nafasi yake. Mchicha na mboga nyingine za majani zina naitreti, ambayo mwili unaweza kuigeuza kuwa naitriki oksaidi. Karanga na maharage yana ajinini. Ni chakula kizuri cha kila siku, lakini hakitibu malaria wala hakiyeyushi damu iliyokwisha kuganda. Na asitokee mtu akasema kwa kuwa mbolea nayo ina naitreti basi ina faida mwilini. Mbolea ni sumu kwa mtu. Iweke mbali na watoto na mbali na kisima.

Ya kufanya nyumbani

Mtoto akipata homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kipo hata kwenye zahanati nyingi, na majibu yake hutoka ndani ya nusu saa. Akikutwa na malaria, amalize dozi yote ya dawa mseto hata kama homa imeshuka.

Usimpe mtoto mwenye homa aspirini kwa kusikia kwamba inafanya damu iwe nyepesi. Inaweza kumdhuru ini na ubongo.

Mtoto mwenye degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepumua kwa shida, mwenye viganja vyeupe, au asiyeamka ukimwita, apelekwe kituo cha afya mara moja, usiku au mchana. Ukiwa mbali na hospitali, mhudumu wa afya aliyefunzwa anaweza kumpa mtoto mwenye umri chini ya miaka 6 atesuneti ya kuweka njia ya haja kubwa ili apate muda wa kusafiri. Hiyo haimalizi tiba. Safari ya hospitali inabaki palepale.

Kwa mtu mzima, dalili za kuganda kwa damu ndani ya mshipa ni hizi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kutoka kwa shida, kifua kubana, au mguu mmoja kuvimba na kuuma bila kuumia. Mama aliyejifungua hivi karibuni awe makini zaidi na dalili hiyo ya mguu. Usisubiri kukuche, na usikandwe mguu uliovimba hivyo, kwa sababu mgando unaweza kung'oka na kwenda kwenye mapafu.

Kama unavuta sigara, acha. Ukuta wa mshipa ni hai, na ukipewa nafasi huanza kujirekebisha.